Pua ya Mama Manukato

Mtaani walikuwa na msemo wao: ukitaka kumdanganya Mama Manukato, anza kwa kuoga. Hata hivyo unajisumbua bure, maana atakutajia sabuni uliyoogea. Fundi cherehani, ambaye banda lake lilitazamana na mlango wa mama huyo, alikuwa akiwaapia wateja kwamba siku moja pasi ilimnasia kwenye gauni la bibi harusi, na kabla hajaiinua, sauti ikavuka barabara: "Fundi! Hiyo hariri, wewe, siyo turubai!" Wanawake nao walisema anaijua mimba kabla ya mwenye mimba. Mwenyewe akiyasikia hayo alikuwa akicheka tu, halafu anajigusa ncha ya pua kama mtu anayehakikisha mfuko wake haujaibiwa.

Kazi yake ilikuwa mafuta. Alikuwa mjane mwenye mwili mkubwa na hatua nyepesi, na jiko lake la nyuma ndilo lililokuwa karakana. Majani na maua aliyaanika kivulini, kwenye nyungo zilizofunikwa kwa shashi, kwa sababu jua huiba harufu. Yakishakauka hadi kuvunjika kama karatasi, aliyajaza kwenye mitungi ya kioo, akamimina mafuta ya ufuta mpaka yakazama, kisha akaisimamisha mitungi ndani ya sufuria pana lenye maji, chini ametandika kitambaa ili kioo kisigongane na chuma. Moto mdogo sana. "Mafuta hayapikwi," alizoea kusema. "Yanabembelezwa." Mchana kutwa maji yale yalihema bila kuchemka, naye akizunguka jikoni, kila mara akiinama juu ya mitungi, anafumba macho, anavuta pumzi, anajua. Hakuwa na saa wala kipimo. Pua ikisema tayari, ni tayari. Hapo alichuja kwa kitambaa safi, akakamua masalio kwa mikono miwili mpaka tone la mwisho, akajaza chupa.

Alikuwa na mafuta ya kila namna, lakini mawili ndiyo yaliyompa jina. Ya kwanza yalikuwa ya waridi, mepesi, ya watoto wachanga. Ya pili yalikuwa ya kafuri, ya makuli wa sokoni: majani ya mkaratusi ndani ya ufuta, kisha kafuri iliyosagwa na kuyeyushwa humo kwa mkono usio na huruma, hata kuli akisuguliwa mgongoni anatoa machozi huku anashukuru. Kila mama aliyefika na mtoto begani aliambiwa neno lile lile: "Kafuri si ya mtoto, mwanangu. Mkubwa inamfungua kifua, mtoto inamfunga."

Na mafuta hayo yote, ya waridi na ya kafuri, ya mchaichai na ya mrehani, yalikaa kwenye chupa za aina moja: ndogo, za kahawia, zilizowahi kuwa za dawa ya kikohozi. Hakuna iliyoandikwa kitu. Bintiye aliwahi kumwambia abandike hata vipande vya karatasi. Mama akamtazama kama aliyetukanwa.

"Karatasi ni za wasio na pua," alisema.

Jibu hilo lilipendwa. Fundi cherehani alilieneza mtaa mzima, na mtu akipotea njia au akisahau jina la mwenzake, wanamtania: "Mbandikie karatasi, huyo hana pua."

Sasa pua hiyo ilikuwa imekufa, na aliyejua ni mwenyewe peke yake.

Ilianza kwa mafua ya kawaida msimu wa mvua. Mafua yakaja, yakakaa, yakaondoka, nayo yakaondoka na kitu. Asubuhi moja aliinama juu ya mtungi wa waridi, akafumba macho, akavuta pumzi. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akanusa karafuu. Akanusa kitunguu. Akachukua kitambaa cha kupangusia mafuta ya taa, akakibana usoni mpaka macho yakamwasha. Macho yaliwasha, lakini pua haikusema kitu.

Alijiambia itarudi. Ikapita mvua, likaja jua, haikurudi.

Huyu ndiye mwanamke ambaye, fundi cherehani alipokuwa akikohoa kwa kujificha nyuma ya majora ya vitambaa, alimburuta kwa mkono hadi zahanati huku akimfokea njia nzima: "Mficha maradhi, kilio humfichua! Unamwonea aibu nani, mapafu yako?" Alikuwa na kinywa kikali kwa siri za wengine. Kwa siri yake alikosa hata neno moja. Tusimcheke. Mtaa ulikuwa umechukua kiungo kimoja cha mwili wake ukakifanya kuwa yeye mzima, ukamsifia hicho miaka na miaka, na mtu akishasifiwa hivyo hana tena pa kuweka udhaifu wake. Angemwambia nani? Wale wale waliokuja kumsikiliza akinusa?

Basi akajitafutia magongo ya kutembelea. Gongo la kwanza lilikuwa rafu. Waridi kushoto, kafuri kulia, mengine katikati. Mkono ulijua kabla ya jicho. Gongo la pili lilikuwa ulimi. Aligundua kwamba ingawa haisikii tena harufu ya kafuri, bado anausikia ubaridi wake. Tone moja kwenye ncha ya ulimi, na kafuri inauma kama barafu. Waridi halimfanyi mtu chochote. Kwa hiyo mteja akija, Mama Manukato anashika chupa, anaifungua, anaipeleka puani polepole, anafumba macho, anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari njema. Kisha anajipangusa mdomo, na katika kujipangusa huko ndipo ulimi unapokutana na kidole kilichogusa mdomo wa chupa. Hakuna aliyeona. Walikuwa wanatazama pua.

Mambo madogo madogo yalianza kumsaliti. Siku moja alikuwa amekaa kando ya jiko akichambua mrehani, bintiye akaingia mbio kutoka uani.

"Mama! Maziwa yanaungua, na wewe umekaa hapo hapo!"

"Nilikuwa nawaza."

"Ukiwaza na pua nayo inafunga duka?"

Wakacheka. Mama alicheka kuliko binti, na akaendelea kucheka hata binti alipokwisha nyamaza, mpaka kicheko kikawa hakipendezi.

Binti huyo alikuwa amerudi kwa mama yake baada ya kujifungua, kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kulala barabarani. Mtoto alikuwa wa kiume, mwepesi kama kifurushi cha pamba, na bibi yake alimpenda kwa namna ya wivu: alikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wao ambaye yeye bibi hakuijua harufu yake. Watu walimbeba, wakaingiza nyuso zao shingoni mwake, wakasema, "Aa, utamu wa kichanga!" Naye aliingiza uso wake, akasema hivyo hivyo, akamrudisha kwa mama yake haraka.

Wiki moja mafua yaliingia nyumbani. Yalimkamata binti kwanza, akawa anazungumza kama mtu aliyezibwa kwa kizibo, kisha yakamshika mtoto. Wiki hiyo hiyo gego la Mama Manukato likaamka. Yeye si mtu wa kumkimbilia daktari wa meno. Aliweka karafuu nzima juu ya jino, akaitafuna taratibu, na utomvu wake ukamtia ganzi ufizi, shavu na ulimi. Alishinda hivyo, karafuu ikiisha anaweka nyingine.

Na binti, kwa kuwa alikuwa amezibwa pua na hana usingizi, na kwa kuwa alitaka kumpunguzia mama yake kazi, aliamua kusafisha rafu.

Mama alirudi kutoka kununua ufuta, akakuta chupa zote ziko sakafuni juu ya mkeka, zinang'aa, na ubao wa rafu umesuguliwa hadi ukabadilika rangi.

"Mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Umefanya nini?"

"Vumbi, mama! Kulikuwa na buibui mwenye wajukuu huko nyuma. Kaa, usihangaike, wewe utazipanga tu. Si unanusa?"

"Nitanusa," alisema.

Alikaa mkekani mpaka binti akatoka kwenda kufua. Kisha akachukua chupa ya kwanza, akaigusa kwa kidole, akaweka kidole ulimini. Kimya. Akaiweka kushoto. Ya pili: kimya. Kushoto. Ya tatu, ikamuuma kidogo, kwa mbali, kama mtu anayekufinya juu ya koti. Akaiweka kulia. Aliendelea hivyo, moja baada ya nyingine, huku karafuu ikiwa shavuni na jino likipiga ngoma. Upande wa kushoto ulijaa haraka kuliko alivyotarajia. Jambo hilo lilimgusa. Alitulia nalo kidogo, mkono hewani, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye umati. Halafu mtoto akalia chumbani, jino likamchoma, naye akazipandisha chupa rafuni.

Kesho yake alipita mwanamke mgeni, mtoto mgongoni kwenye kanga iliyopauka, kikapu mkononi, jasho usoni. Alikuwa safarini kuelekea stendi. Huko sokoni wamemwambia asiondoke bila mafuta ya mtoto ya hapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ana muda gani?"

"Hata hajaanza kucheka vizuri."

Mama Manukato akainua mkono kushoto, akachukua chupa, akafumba macho, akanusa. Mgeni alitabasamu, kwani alikuwa ameambiwa ataona hivyo. Ulimi ukagusa kidole. Kimya.

"Waridi," alisema Mama Manukato. "Mpake kifuani na mgongoni ukifika."

Mgeni akashukuru, akaenda zake. Hakuacha jina, wala hakuulizwa aendako.

Ilipofika adhuhuri ya siku ile, binti akaja jikoni na mtoto begani. Mtoto alikuwa anakoroma kama paka.

"Mama, amezibwa kabisa, hata kunyonya hawezi. Nipe yake nimsugue, nimpake na hapa puani kidogo."

Chupa ikatoka kushoto. Pua, macho, kichwa, kidole, ulimi. Binti alisimama pale pale akimtazama mama yake akinusa, kama alivyomtazama tangu utotoni, na akapokea chupa bila hata kuifungua. Akaenda nayo chumbani.

Mama aligeukia mitungi yake. Maji yalikuwa yanahema vizuri. Alisikia mtoto akilalamika, kisha akilia kwa nguvu, kilio kikali kama cha aliyepigwa. Alijiambia hapendi kusuguliwa. Kilio kikakatika kidogo, kikarudi, kikakatika.

Fundi cherehani aliingia na sindano shatini, futi shingoni.

"Hodi! Mama, nina kiu ya uji na sina aibu. Lo, leo mnamchua kuli gani humu ndani? Kafuri imenipokea toka mlangoni, macho yananitoka!"

Mama Manukato aliganda.

Ukitaka kujua aibu ni mnyama wa namna gani, sikiliza alichosema. Alishajua chupa iliyoingia chumbani ilikuwa ya nini. Hata hivyo kinywa chake, kilichozoea kumlinda, kilifunguka chenyewe:

"Ni mimi, fundi. Nimejichua goti."

"Goti lipi lenye nguvu hivi? Harufu inatoka chumbani."

Na chumbani hakukuwa na kilio tena.

Alipofika mlangoni, binti alikuwa amempakata mtoto, kitambaa kimeanguka, anamwita kwa jina la utani, sauti yake bado ya mafua, bado haijaelewa. "Mama, amenyamaza, lakini ona... ona anavyovuta." Kifua cha mtoto kilikuwa kinaingia ndani kama mfuko wa karatasi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Bibi akamnyakua, akavua kanga yake, akaanza kumfuta kifua, shingo, uso, pua, anafuta na kulia, anafuta na kulia. "Maji! Sabuni! Fundi, leta maji!"

"Mama, kuna nini? Si waridi tu? Mama!"

Walimwosha huku wakitoka nje. Walikimbia barabarani, fundi mbele akipunga futi yake kuzuia pikipiki, bibi na mtoto kifuani, binti peku nyuma yao. Zahanati ilikuwa mwisho wa mtaa, na siku ile ilionekana kama mtu alikuwa anaivuta iende mbali.

Muuguzi alimpokea mtoto, akamlaza, akamfunika uso kwa kifaa cha hewa. Mikono yake ilifanya kazi, mdomo ukauliza.

"Amepakwa nini?"

"Waridi," alisema binti. "Mafuta ya waridi tu, ya mama."

Muuguzi aliinamia kifua cha mtoto. "Dada, hii ni kafuri. Kiasi gani? Imeingia mdomoni? Nani aliyeitengeneza?"

Chumba kikamgeukia Mama Manukato. Karafuu ilikuwa bado shavuni. Aliitema kiganjani, akaifumbata.

"Mimi," alisema. "Kafuri nyingi, na mkaratusi. Ni ya watu wazima." Akaeleza jinsi anavyoisaga, anavyoiyeyusha, na kiasi gani kwa chupa, mambo ambayo hakuwahi kumfunulia mtu. Muuguzi akamwita mganga mkuu.

Binti alikuwa anamtazama kana kwamba ameona mtu mwingine amevaa uso wa mama yake. "Lakini ulinusa. Mama, nilisimama pale. Nilikuona unanusa!"

"Nilijifanya."

"Ulifanya nini?"

"Sina pua, mwanangu. Tangu mvua zile. Sisikii kitu. Wala wewe, wala mtoto, wala moto."

Binti hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisogea hatua moja, akasimama upande wa pili wa kitanda, mtoto akawa katikati yao. Kwa muda mrefu kilichosikika ni mvumo wa ile hewa tu, na ndani yake, kwa taabu, pumzi ndogo inayokwenda na kukataa kurudi, kisha inarudi.

Mtoto hakufa. Jioni midomo yake ilirudia rangi, akanyonya kidogo, akalala kwa pumzi yenye mluzi. Mganga alisema amewahi kuona wasiorudi, na kwamba kama wangechelewa kidogo nyumbani wakitafuta maneno, angekuwa anazungumza nao habari nyingine. Mama Manukato alikumbuka goti lake, lile alilomwambia fundi. Hakuinua macho.

Alikuwa bado ameyainamisha pale wazo jingine lilipomjia, nalo lilimfanya ainuke ghafla hata benchi likaanguka. Kushoto. Upande wote wa kushoto.

Alirudi mtaani akienda mlango kwa mlango. "Nirudishie chupa niliyokupa. Usimpake mtoto. Sina pua." Walimcheka. "Mama Manukato hana pua! Basi na mimi sina miguu." Ilimbidi ashike mikono ya watu, awatazame machoni, arudie. Sina pua. Sina pua, jamani. Kwa kila mlango alimwambia mwenye nyumba anuse chupa mwenyewe, naye akasubiri kama mshtakiwa. Waridi. Waridi. Mrehani. Chupa moja ya kafuri ilikuwa kwa mzee wa jirani aliyeomba ya kumsinga mjukuu, na ilikuwa haijafunguliwa. Fundi cherehani alitembea naye hadi mwisho, bila utani hata mmoja, akazikusanya kwenye kikapu cha vitambaa.

Kisha walikwenda stendi.

Mabasi ya siku ile yalikuwa yameshaondoka. Walimuuliza mpiga debe, wakamuuliza muuza maji. Mwanamke, kanga imepauka, mtoto mgongoni? Mpiga debe alicheka, si kwa ubaya. "Mama, wa namna hiyo wanapita hapa kama sisimizi. Alikuwa anakwenda wapi?"

Hakujua. Alikuwa amemtazama usoni, na alichokumbuka ni lile tabasamu la mtu anayeona muujiza alioahidiwa.

Sasa rafu ina maandishi. Binti aliyabandika mwenyewe kabla ya kuhamia kwa wakwe zake, herufi kubwa nyeusi, na kwenye kila chupa ya kafuri akachora msalaba mwekundu. Anakuja kumsalimia mama yake, anamletea mtoto, lakini kitu chochote kinachotoka mkononi mwa mama yake hukinusa kwanza, hata maji. Mama hamlaumu. Kazi anaifanya pamoja na fundi cherehani, ambaye huacha cherehani yake kila jioni kuja kunusa mitungi. Ananusa vibaya, anapiga chafya, ila hasemi uongo.

Na siku nzima, mlango wa mbele umeachwa wazi, Mama Manukato amekaa kizingitini akichambua majani bila kuyatazama. Kila mwanamke anayepita na mtoto mgongoni, humsimamisha.

"Mwanangu, samahani. Uliwahi kununua mafuta hapa?"

Wengi husema hapana, wakaongeza mwendo. Naye hugeuka kuwatazama wakienda, si wao, bali kile kichwa kidogo kinacholala kwenye kanga, mpaka akione kimetikisika.